Ufito wa Marehemu Kwenye Tuta la Maharage

Mjukuu wangu Suleiman ana fito kumi na moja za kuvulia samaki ndani ya fleti ya vyumba viwili kule Hayes, London. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, maana siku hizi siyaamini macho yangu. Kumi na moja, zimesimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kama walinzi. Nilishtuka mpaka nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Bibi, mwambie zibaki tatu," akasema mkewe, Raya, mikono kiunoni, uso wa hakimu aliyekwisha kufunga faili. "Zikizidi tatu, yeye ndiye atakayelala nyuma ya mlango."

"Zipi sasa?" akauliza Suleiman, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia, ila hakimtoki. "Na bibi atajuaje mambo ya besi?"

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Mtoto huyu amekula sambusa zangu tangu hajaota meno, kumbe hajui nilikuwa nafanya kazi gani. Anajua tu kwamba bibi "alikuwa sokoni Tooting". Alidhani nilikuwa nauza bamia.

Basi nawaandikia nyote, Suleiman na wenzako mnaonunua vitu kwenye simu huku mmelala chali. Bibi yenu alifunga na kutengeneza fito za kuvulia kwa miaka ishirini na kitu. Nimeshika fito nyingi kuliko vijiko. Mkiniuliza zipi zibaki nitawaambia, lakini mtasikiliza na mengine, maana bure haipatikani hata kwa bibi.

Tuelewane kwanza. Fito za Suleiman ni za rili ya juu. Rili ni kile kigurudumu kinachokunja mshipi. Fito nyingi hapa Uingereza rili yake inaning'inia chini ya mpini. Hizi rili imekaa juu, unaitazama usoni, na pete zote za kupitishia mshipi zimeelekea mbinguni. Chini ya mpini pana kidude kama kifyatulio cha bunduki, cha kukazia kidole. Ukirusha, kigurudumu chenyewe kinazunguka, na breki ni dole gumba lako. Dole likisinzia, kigurudumu kinaupita mshipi mbio, na unabaki na fundo mkononi ambalo Waingereza wanalifananisha na kiota cha ndege. Miye naliona zaidi kama nywele za mtoto aliyegoma kusukwa. Na besi ni samaki wa bahari ya huku, rangi ya fedha, miiba mgongoni, anapenda kukaa penye mawe na povu. Anavuliwa kwa kisamaki cha bandia, na hicho kisamaki kina uzito wake. Hapo ndipo vijana mnapokosea. Mnanunua ufito kwa rangi.

Kazi hii sikuitafuta. Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukazungukazunguka, tukaishia chumba kimoja Tooting. Babu yenu akapata kazi ya mizigo uwanja wa ndege, miye nikawa nashona kofia za mkono nyumbani na kuwauzia watu wetu wakati wa Idi. Siku moja nilipeleka kofia kwa Bwana Fidali. Huyu alikuwa Mhindi wa kwetu, mzaliwa wa Unguja, baba yake alikuwa na duka la vyuma Darajani. London alikuwa na kibanda sokoni cha vifaa vya uvuvi vilivyokwisha kutumika. Mwenyewe samaki alimjua kwenye sahani tu. Alinunua shehena ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi, akaiuza, akanunua nyingine, na hivyo ndivyo watu wanavyopata taaluma.

Aliishika ile kofia, akaipeleka kwenye taa, akahesabu vitobo.

"Bi Zuhura," akasema, "vidole hivi vinapotea kwenye kofia. Nina fito rundo zima hazina pete. Kila pete inafungwa kwa uzi, mzunguko kwa mzunguko, bila ya uzi kupanda juu ya mwenziwe. Utaweza?"

"Nitaweza. Lakini si kwa unachotaka kunilipa."

"Sijasema ninachotaka kukulipa."

"Uso umesema."

Tulishindana birika mbili za chai, na kila mmoja akaondoka akiamini amemla mwenziwe. Hayo ndiyo makubaliano mazuri.

Ufito wangu wa kwanza niliufunga kama kofia ya bwana harusi. Nakshi nyekundu, kijani, uzi wa dhahabu, vitobo vya uongo. Mzungu wa kwanza aliyeuona alirudi nyuma hatua moja, akauliza kama ni wa kuzikia mtu. Bwana Fidali hakutikisika. "Huo hauuzwi," akamwambia, "wa mteja maalumu." Yule mtu akasumbua mpaka akauziwa. Niliduwaa. Tangu siku ile nikajua kwamba mwenye kibanda kile hakuwahi kusema neno juu ya bidhaa ambalo halikuwa na kazi mbili.

Sasa chukua soksi ya kike, Suleiman, ile nyembamba ya kuvaa na sketi. Muombe Raya kwa adabu. Ipitishe ndani ya kila pete ya kila ufito. Pete ikiinasa soksi, imepasuka, hata kama jicho halioni, na itakula mshipi wako siku ambayo samaki mkubwa yuko upande wa pili. Kisha chukua sarafu, gongagonga ufito taratibu kutoka chini mpaka ncha. Fito za siku hizi ni za kaboni, na kaboni iliyo nzima inalia kavu, mlio mmoja. Ikifika mahali mlio ukafifia kama mtu anayesema na mkono mdomoni, hapo ndani pameumia, na siku moja patapasuka kama bunduki. Wako wa kijani, ule ghali, niliugonga ulipokwenda kunitilia chai. Una uchungu karibu na kiungo. Huo usikae hata usiku mmoja, na usimuuzie mtu bila kumwambia.

Hilo la mwisho nasema kwa uzito, na nitawaeleza kwa nini. Kwanza lazima mjue namna Bwana Fidali alivyokuwa akinunua.

Alinunua kama watu wanavyonunua Darajani. Kitu usichokitaka unakisifu na kukirudisha mahali pake. Kitu unachokitaka unakikashifu. Unakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, unasema kimeoza, kimepinda, hata bure hukipeleki nyumbani. Muuzaji hachukii. Anajua kwamba sasa umeanza kununua. Yeye anaapa, anakisifu, anakuambia cha aina hiyo kimebaki kimoja duniani. Wewe unacheka, unaondoka. Unakwenda polepole, mgongo wako unasikiliza. Ukifika pembeni unaitwa: "Njoo basi, njoo." Hapo ndipo bei ya kweli inapozaliwa. Hakuna aliyedanganya, kwa sababu hakuna aliyeamini. Kwa Wahindi wa Tooting njia hiyo ilikwenda sawa, kwa watu wetu ikaenda sawa, na hata Waingereza wa sokoni waliicheza kwa namna yao. Kwa hiyo tukadhani kwamba London nzima ni soko.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwanamke mmoja wa Croydon alifika kibandani akaacha anwani yake. Jina lake Doreen. Mumewe, Len, alikuwa amefariki majira ya baridi, na yeye alitaka kukipangisha chumba cha marehemu. Tulikwenda Alhamisi kwa gari la mizigo la Bwana Fidali. Fito tisa zilikuwa zimelazwa kwenye ukumbi, zote za rili ya juu, za mtindo wa zamani ambao mpini unachomolewa. Mpini wenyewe umepinda kama wa bastola, na ufito una tako la shaba linaloingia mdomoni mwake. Mipini na rili zilikuwa kwenye sanduku, kwenye kibanda cha bustanini.

"Keti, mpenzi," Bi Doreen akamwambia Bwana Fidali. Wanawake wa Kiingereza wa umri ule wanamwita hivyo hata kondakta wa basi, lakini Bwana Fidali alikuwa hajazoea. Aliketi kama aliyesukumwa.

"Nina nafasi ya fito tatu nyuma ya kabati," akaendelea. "Nichagulieni tatu, zinazobaki mnunue. Lakini mmoja katika hizo tatu lazima uwe ule aliokuwa akivulia besi. Binti yangu, Janet, anakuja Jumapili. Alikuwa akienda pwani na baba yake tangu mdogo. Katika nyumba hii yote ameomba kitu kimoja tu, ufito ule."

"Nao ni upi?" nikauliza.

"Sijui. Wao walikuwa maweni, mimi nilikuwa ndani ya gari nafuma sweta." Alitazama zile fito. "Aibu, eti. Miaka yote ile sikutazama hata mara moja."

Nilizipitisha mkononi zote tisa. Mmoja ulikuwa na rangi ya kijani kibichi kwenye tako la shaba, na mchanga mweupe chini ya uzi wa pete. Ulikuwa wa faiba, zile nyuzi za kioo zilizogandishwa, umefungwa kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Chumvi. Nyingine zilikuwa safi, za maziwa na mito. Sikutaka kusema kabla ya kuona na mpini wake, maana kazi yetu ni ya kuhakikisha. Nikatoka kwenda bustanini.

Sanduku lilikuwa chini ya mashine ya kukatia majani. Mipini minne. Mitatu ilikuwa kama mipya. Wa nne ulikuwa na ukoko wa chumvi mdomoni, na juu yake, pembeni mwa pale rili inapokaa, mbao ilikuwa imelika shimo dogo, laini kama ndani ya kijiko. Dole gumba la mtu mmoja, miaka yote ile. Nilitia dole langu nikalitoa haraka. Sikujisikia vizuri, kama niliyekaa kwenye kiti cha mtu kabla hakijapoa.

Niliurudisha kwenye sanduku nikaelekea ndani kwenda kutoa habari. Kwenye mlango wa jiko nikasikia sauti ya Bwana Fidali, ile ya Darajani.

"Na huu, bibie, huu ndio wa kusikitikia. Umechoka. Hauna uhai. Mti mkavu tu."

Alikuwa ameshika ule wa uzi wa damu ya mzee, kwa vidole viwili.

"Sasa Len aliuweka wa nini?" Bi Doreen akauliza.

"Wanaume tunaweka mengi."

"Basi nashukuru umesema kweli. Mwingine angenidanganya."

Nilisimama pale pale. Bwana Fidali alikuwa ameshavaa koti, amenifanyia ishara ya macho ninayoijua: funga uso, twende. Na mwili ulivyozoea, miguu ikanibeba nyuma yake. Tulipita ukumbi polepole, migongo yetu inasikiliza. Tukafika mlangoni. Tukafika getini.

"Kwaheri basi," Bi Doreen akasema kwa upole, akafunga mlango.

Ndani ya gari Bwana Fidali hakuwasha injini.

"Hakutuita," akasema.

"Hakutuita."

"Ataita."

"Kwa kitu gani, kwa tarumbeta? Kibandani hatuna simu."

Nikamwambia habari ya chumvi, ya mpini, ya shimo la dole gumba. Nikamwambia: ule ulioutukana ndio wa Len. Alishika usukani kwa mikono miwili. Nami namjua, hakuwa mwizi. Aliutaka kwa sababu ulikuwa faiba nzuri ya Kimarekani, na kwa desturi yake alikuwa ameanza tu kuzungumza.

"Basi huo hatuununui," akasema. "Huo ni wa binti. Tutamwambia."

"Tumwambie sasa hivi."

"Bi Zuhura, nikirudi sasa hivi, zile nane nitazinunua kwa bei yake mpaka senti ya mwisho. Kesho, baada ya sala."

Sikulipenda lile la kesho, lakini gari lilikuwa lake.

Ijumaa baada ya sala tulirudi Croydon. Bi Doreen alifungua mlango amevaa buti za mpira na amefurahi kutuona kama tuliokopwa na kurudi wenyewe.

"Njooni nyuma kwanza," akasema. "Mnione nilivyofanya."

Alikuwa amepanda maharage yale ya kupanda juu, tuta refu kando ya ukuta, yameota kiasi cha goti. Kila mche ulikuwa na mti wake wa kuushikiza, mianzi ya dukani, vipande vya ufagio. Na katikati ya tuta, vipande vingine vitatu, vimekatwa kwa msumeno sawasawa, vimechomekwa kwenye udongo, pete zake bado zimo, uzi wa damu ya mzee bado unang'aa, na mkono mmoja wa mharage umekwisha kujipitisha ndani ya pete ya kwanza.

Nimeshtuka mara nyingi maishani, na mara nyingine kwa mambo makubwa kuliko hilo. Lakini hilo sijalisahau. Bwana Fidali alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mwenyewe ulisema mti mkavu," Bi Doreen akasema. "Nikaona usipotee bure. Ulikatika vizuri sana." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Haya, mpenzi. Wa besi ni upi?"

Nilijua ninachoweza kufanya. Mle ndani fito nane zimebaki, yeye hazijui, ningeshika mmoja nikasema ni huu. Uongo ungedumu mpaka Jumapili, Janet atakapoushika. Nikamtazama Bwana Fidali. Mtu yule hakuwahi kumwambia mnunuzi kitu moja kwa moja tangu Darajani. Hata ukimuuliza saa ngapi alikuuliza wewe unafikiri ngapi.

"Ule," akasema, akanyoosha kidole kwenye maharage. "Ule ndio wa mumeo. Haukuwa mti mkavu. Ulikuwa mzuri kuliko zote. Nilisema vile kwa sababu niliutaka."

Bi Doreen hakuelewa mara ya kwanza. Nilimwona anayarudia maneno yale kichwani. Kisha akaikalia ndoo iliyogeuzwa, akaangalia tuta.

"Ulisema mbaya," akasema, "kwa sababu mzuri."

"Ndiyo."

"Kwenu ndivyo watu wanavyofanya?"

"Kwetu ndivyo. Na kwetu ungenitukana, ungeniambia sina macho."

"Mimi nilikushukuru."

"Najua."

Nikasema naweza kuving'oa vile vipande, naweza kuviunga kwa kitambaa cha faiba na gundi, hautakuwa na nguvu lakini utasimama ukutani. Akatikisa kichwa.

"Len?" akasema, akiutazama ule mharage uliojipitisha kwenye pete. "Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisaidia bustanini hata kung'oa jani moja. Mwacheni asimame."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka mabega yakatikisika, kisha kicheko kikageuka, akajifunika aproni usoni. Bwana Fidali akaanza kuchunguza ukuta wa matofali. Waingereza hawashikwi ovyo, nilikuwa naishi nao vya kutosha kulijua hilo, lakini nilimshika. Alinuka udongo na sabuni.

"Janet asijue kama ni mimi," akasema ndani ya aproni. "Mwambieni chochote. Lakini asijue kwamba mama yake aliukata."

Nikamuuliza kama mpini umo bado kwenye sanduku. Ulikuwamo. Basi ikaanza kazi ambayo nilitaka niwaeleze tangu mwanzo, maana kuchagua ufito kwa bei na kuchagua ufito kwa ajili ya mkono wa mtu si kazi moja.

Tulizileta fito nane juani. Nilimuuliza Bi Doreen binti yake ana kimo gani, ana nguvu kiasi gani, anarusha kwa mkono mmoja au miwili. Alijua kimo. Mengine akasema, "Ana mikono ya mpishi wa mikate, ndiyo kazi yake." Hiyo ilinitosha. Kwenye lile sanduku palikuwa na visamaki vya bandia, nikapima kwa mkono vile vilivyotafunwa zaidi, kwa sababu vilivyotafunwa ndivyo Len alivyovitumia. Vizito. Basi ufito mwembamba ulioandikiwa uzito mdogo umetoka, maana ukirusha kizito nao unapinda wote kama utambi. Ule mgumu kama fimbo ya mwalimu nao umetoka. Hauvuti kigurudumu kikazunguka, unakipiga tu, na dole gumba halipati nafasi ya kujua kinachotokea. Unatafuta ufito ambao ncha inainama kwa hiari, katikati inafikiri kidogo, na chini inakataa. Funga kilo ya mchele kwenye ncha, uinue. Ukijipinda vizuri mpaka karibu na mpini ukasimama hapo, huo ni wa besi.

Bwana Fidali alikuwa anaupokea kila mmoja baada yangu na kuusemea.

"Huu mzuri. Huu pete ya pili imepasuka. Huu wa maji baridi tu, chumvi itaumaliza. Huu ningeununua mimi, na ningeuuza kesho."

Bi Doreen alimkodolea macho. "Jana ulisema zote mbovu."

"Jana nilikuwa nanunua."

Tulipata mmoja. Tako lake la shaba liliingia kwenye mpini wa Len baada ya kupigwa msasa kidogo. Bi Doreen akaniruhusu kuzivua pete kwenye vile vipande vya tutani, moja moja, nikiuondoa ule mharage taratibu ili usivunjike, nikaurudisha kwenye mti wake. Tukachagua na mbili nyingine za kubaki naye, zile ambazo Bwana Fidali mwenyewe alizitaka. Tano tulizichukua, na bei alitaja mama yule, na haikubishwa. Hilo nalo lilinishtua, ila nilikuwa nimekwisha kuchoka kushtuka.

Nilizifunga pete za Len kwenye ufito mpya kwa uzi wa damu ya mzee, bila nakshi, mzunguko kwa mzunguko. Vanishi inataka kukauka kwa subira, haitaki moto wala feni, ukiiharakisha inatoa mapovu. Kwa hiyo Jumapili haukuwa tayari. Bi Doreen akamwambia binti yake uko kwa fundi, na Jumatatu, kabla ya treni yake, Janet akafika sokoni.

Mwanamke mpana, mikono kama mama yake alivyosema. Hakusalimia sana. Nilimpa ufito, akaushika, na dole gumba lake likaenda lenyewe pale penye shimo, likakaa. Alifumba macho kidogo. Kisha akauinua mbele ya uso, akautazama kutoka chini mpaka ncha, kama anavyotazama mtu anayejua.

"Mpini wa baba," akasema. "Pete za baba. Ufito si wake."

Nilikuwa na uongo nimeuandaa, mzuri, wenye mlango wa gari uliobana ufito, na paka. Hakuningoja niutoe.

"Wake uko wapi?"

"Ulikatwa," Bwana Fidali akasema.

"Na nani?"

Siku ile soko lilikuwa limejaa. Upande mmoja muuza samaki, upande wa pili jirani yetu Singh mwenye vitambaa, na wote wawili walikuwa wamenyamaza kama watu wasiosikiliza.

"Na mimi," Bwana Fidali akasema. "Nilidhani mti mkavu."

Janet alimtazama mtu yule na kibanda chake, fito zilizoning'inia juu, rili zilizopangwa kwa ukubwa.

"Unauza hivi vitu kwa muda gani?"

"Tangu zamani."

"Na hukuujua?"

"Sikuujua."

Janet akanigeukia miye. "Siku nyingine akitaka kushika msumeno," akasema kwa sauti ambayo muuza samaki hakuhitaji kutega sikio, "muulizane kwanza."

Bwana Fidali akaitika kwa kichwa. Akamfungia ufito kwenye gazeti, akamtangulia kati ya watu mpaka mlango wa soko, akashika mlango. Aliporudi, Singh alikuwa anamtazama na tabasamu la watu wanaokwenda kuhadithia. Mtu aliyeweza kuutetea msumari wenye kutu mbele ya kadhi ameambiwa hajui bidhaa yake, sokoni, mchana, na hakujibu. Niliduwaa, nimeshika mkasi na kibonge cha uzi.

Alikaa kwenye kigoda chake.

"Tupikie chai, Bi Zuhura," akasema. "Na tia sukari."